Mama Mkwe na Njia ya Msituni

Baiskeli naipenda tangu nimeijua, na sitaki mtu aniulize sababu. Wakati wa vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huku Ngara, na siku zisizo na darasa nilipanda baiskeli yangu nikaingia msituni, njia ya kuelekea Biharamulo, bila mzigo wala shughuli. Majirani walinicheka waziwazi. "Mwalimu, unakwenda wapi?" Kutembea tu. "Na nyuma umebeba nini?" Sijabeba kitu. "Akili ni nywele," walisema, "na mwalimu amenyoa." Kwao baiskeli ilikuwa ya kubebea ndizi, debe la maji au mama mjamzito. Mtu azunguke nayo msituni, aumwe na mbung'o bure, arudi mikono mitupu, huo ulikuwa wazimu wa waliosoma.

Wala hawakukosea sana. Mbung'o wa msitu ule hawana adabu, wanakuuma hata juu ya shati. Lakini asubuhi, umande haujakauka, mchanga umeshikana vizuri chini ya tairi, kanga wanakatiza mbele yako na vifaranga vyao, hakuna mkutano, hakuna balozi wa nyumba kumi. Jamani, ningewaeleza nini wale watu?

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo sikuisema, ingawa wote waliijua. Nilikuwa namkwepa mama mkwe.

Kwetu mwanamume hakumtazama mama wa mke wake usoni. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Mkikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia vichakani ili mwingine apite. Zamani haikuwa taabu, maana kila mji ulikuwa peke yake ndani ya migomba yake. Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na yule bwana aliyekuja na kamba ya kupimia viwanja hakujua mkwe wa mtu ni nani. Akanipa kiwanja kilichopakana na cha mama wa mke wangu. Lo! Mlango wake ulitazama jiko letu, ua wa matete tu katikati.

Tuliishi hivyo miaka. Nikitaka kutoka, napiga kengele ya baiskeli, yeye anaingia ndani. Yeye akitaka kutoka, anakohoa. Tulisalimiana kupitia ule ua, mke wangu akiwa katikati kama mkalimani. "Mwambie mama shikamoo." "Marahaba, mwambie. Na mwambie tairi lake la nyuma linapumua, nalisikia." Nikiliangalia, kweli, pancha. Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwona, lakini nilimpenda.

Alikuwa mjane, na watoto wake wote walikuwa wasichana, wengine wameolewa mbali. Mumewe alizikwa kwenye itongo, yale mahame yao ya zamani, ndani kabisa ya msitu, mahali nilipopita karibu kila juma. Miguu ilipoanza kumvimba na mwendo mrefu ukamshinda, akabaki na ombi moja tu. Alitaka afike kwenye lile kaburi, alipalilie kwa mkono wake, amwage pombe kidogo, amweleze mumewe kwamba hakumtupa, alihamishwa. "Nisipokwenda kumwambia mwenyewe," alimwambia mke wangu, "atajuaje?"

Sasa nani wa kumpeleka? Mwenye baiskeli katika mstari wetu nilikuwa mimi, na mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kumbeba. Mama mkwe akae kwenye keria, anishike kiuno! Mke wangu alipolitaja tu tuliangua kicheko.

Desturi yenyewe ilikuwa na mlango wa kutokea. Mkwe akitoa mbuzi na pombe ya ndizi, wazee wanawakalisha uso kwa uso, mnakula pamoja, na aibu inaondoka. Nikatafuta mbuzi, nikamfunga nyuma ya nyumba anenepe. Mama alikuwa anamrushia maganda ya ndizi juu ya ua, na kumhimiza ale haraka.

Ndipo vita vikaja, adui akavuka mpaka. Viongozi wakapita kukusanya chakula cha askari, na sisi wa mkoa huu hatukuhitaji kubembelezwa. Mbuzi akaenda. Aliyesema aende ni mama mkwe mwenyewe: "Watoto wa watu wanakufa huko. Mimi naweza kungoja." Vijana nao wakaondoka, hata wa kumbeba mama kwa machela hawakuwepo. Walimu tuliambiwa tubaki.

Nikaendelea kupita kule msituni. Nilishuka kwenye itongo, nikang'oa majani juu ya kaburi, nikirudi nasema kwa sauti mke wangu apeleke ng'ambo ya ua: migomba bado imesimama, nyani ndio wanakula ndizi, kaburi lipo. Mama akajibu: "Mwambie ahsante. Lakini si yeye aliyeolewa na yule mzee." Mke wangu alicheka. Mimi nilikwenda kukaa uani na baiskeli yangu, nikaiona haina maana.

Nilipompata mbuzi wa pili, mama alikuwa hainuki tena kitandani. Alifariki askari wakiwa wanarudi nyumbani. Wakamzika kwenye makaburi ya kijiji, kwa mstari, kama tulivyokaa. Kabla ya mazishi wanawake waliniambia sasa ninaweza kumtazama, maana mkwe aliyekufa hana aibu. Nikamtazama. Alikuwa mke wangu kabisa, ila mzee. Nililia mbele za watu, na sikuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Msiba ulipokwisha, mke wangu alisimama jioni moja akiiangalia baiskeli.

"Hivi kuiendesha ni vigumu?"

"Si vigumu."

"Nifundishe."

Pale kijijini hakuna mwanamke aliyewahi kuendesha baiskeli. Si kwamba ilikatazwa. Haikumjia mtu akilini tu. Nilimfundisha kwenye uwanja wa shule, amejifunga kanga mbili, watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Akaanguka, akachubuka goti, akawatukana waliocheka, akapanda tena. Wiki haikuisha akawa anaendesha vizuri kuliko karani wa kijiji. Jumapili akafunga jembe na kibuyu cha pombe kwenye keria, akaingia msituni peke yake.

Alirudi jua halijazama. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaanza kufungua kamba ya jembe. Hakunitazama.

"Nimemwambia baba," alisema. "Na ile njia ni tambarare. Ningembeba mama mpaka kule bila kushuka hata mara moja."