Boosta ya Nne

Nilipoingia garaji, nikiwa nimeacha shule kidato cha pili, nilikuwa nimeelewa breki za lori kinyume kabisa. Nilidhani upepo ndio unaosimamisha gari, na kwamba ukiisha gari linakimbia ovyo. Mzee aliyenifundisha kazi, mtu wa kutoka kando ya Ziwa aliyezeekea chini ya malori ya Eldoret, alinicheka mpaka akaweka spana chini.

"Mama," aliniambia. Aliniita hivyo tangu siku aliposikia kwamba nawalea wadogo zangu. "Upepo ni ruhusa tu. Mwenye gari ni springi."

Kisha akanionyesha. Kwenye kila gurudumu la nyuma kuna mkebe wa chuma, kama sufuria mbili zilizofunikiana. Tunauita boosta. Ndani una vyumba viwili. Cha kwanza ni cha mguu: dereva akikanyaga, upepo unaingia na kusukuma breki. Cha pili kina springi kubwa, nene kama kidole gumba changu, na kazi yake ni moja tu, kushika gurudumu. Dereva akitoa hendbreki, upepo unaingia chumba hicho na kuirudisha springi nyuma ili gari litembee. Upepo ukipotea, springi inaruka na kushika. Ndiyo maana lori zima likiishiwa na upepo mlimani halikimbii. Linasimama, dereva apende asipende.

Ningepaswa kutulia nilipoelewa hayo. Lakini wiki hiyohiyo nilijifunza neno kuua.

Boosta ikivuja sana njiani, springi inashika na lori haliendi. Dereva huchukua bolti ndefu, akaiingiza nyuma ya boosta na kuizungusha kwa spana mpaka springi ijikunje, isiweze tena kushika, kisha akaziba paipu inayoipelekea upepo. Gurudumu linaachiliwa, safari inaendelea. Hiyo ndiyo kuua boosta. Garajini tunalisema neno hilo kama mtu anayezima taa: "Nimeua moja, nitaitengeneza kesho." Nimeyaona malori mengi sana ambayo kesho yao haikufika.

Ndugu yangu anayenifuata aliajiriwa udereva na tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi. Nilifurahi, na kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Alipokuwa safarini nilikuwa nikisikia lori likipunguza gia barabarani, naacha kupika, nasikiliza mpaka lipite. Wadogo zetu wawili walinizoea. Yule msichana alikuwa akisema, "Si yeye, endelea na ugali."

Asubuhi moja ndugu yangu alileta lori lenyewe garajini kwetu, likiwa limejaa. Aliruka chini akipangusa mikono kwenye suruali.

"Siz, kuna kelele huku nyuma. Ilianza pale Cheptiret. Psss, psss, kama nyoka amekalia sufuria."

"Umebeba nini?"

"Simiti. Inaenda bondeni, Kerio. Tajiri anataka ishushwe leo."

"Utapitia Iten?"

"Sasa nipitie wapi, Kisumu?"

Mzee alicheka. Kutoka Iten barabara inaanguka kuelekea bondeni kwa kona baada ya kona, na ukiwa na simiti mgongoni unaishuka ukiomba.

Mzee hakuinuka kwenye kiti chake. Alisikiliza kidogo, akanywa chai yake. "Hiyo ni rilei. Toa, weka ingine."

Rilei ni valvu iliyo katikati ya lori, karibu na magurudumu ya nyuma. Pedali iko mbali, mbele kabisa, na upepo ukisafiri kutoka kule utachelewa. Kwa hivyo pedali inatuma upepo mdogo tu, kama salamu, na rilei ikiipata inafungua upepo mwingi kutoka tangi lililo jirani yake. Dereva akiinua mguu, rilei inautema upepo ule chini, kupitia mdomo wake. Hapo mdomoni ndipo kelele ilipokuwa ikitokea.

Niliweka mawe kwenye magurudumu, tukazima injini, ndugu yangu akavuta hendbreki, nikatoa upepo wote kwenye matangi. Nikaingia chini. Nilifungua paipu moja moja nikizitia alama kwa chaki, nikaitoa valvu, nikaifungua mezani. Nilitarajia kukuta mpira umeliwa au uchafu umekwama. Mpira ulikuwa mzima. Pistoni ilikuwa safi.

"Ni nzima," nikamwambia Mzee.

"Macho yako ndiyo si mazima. Weka mpya, kijana aende."

Nikaweka mpya. Ndugu yangu akawasha injini, upepo ukajaa. Nikamwambia atoe hendbreki, mawe yakiwa palepale.

Psss.

"Rudisha."

Kimya.

"Toa tena."

Psss, kutoka mdomo wa valvu ambayo nilikuwa nimetoka kuitoa kwenye karatasi yake.

Nilisimama pale na spana mkononi mpaka nikaelewa. Kelele ilikuja hendbreki ilipotolewa tu. Maana yake upepo uliotakiwa kukaa na springi ulikuwa ukipenya ndani ya boosta, kutoka chumba cha pili hadi cha kwanza, kisha ukirudi kwa paipu ya mguu mpaka kwenye rilei na kutokea hapo. Valvu haikuwa na kosa. Ilikuwa ikilia kwa ajili ya boosta.

Sasa ilikuwa ni kujua ni boosta gani kati ya zile nne za nyuma. Ndugu yangu akarudisha hendbreki, nikaingia tena chini, safari hii mpaka nyuma kabisa, nikapapasa. Boosta ya kwanza ilikuwa imefunikwa na tope lililokauka. Nikalibandua kwa kidole, nikagusa chuma kilichochomoza. Bolti. Nikaenda ya pili. Bolti. Ya tatu. Bolti, nayo ilikuwa na kutu, kumaanisha imekaa humo muda mrefu.

Ya nne haikuwa na bolti. Basi ya nne ndiyo iliyokuwa ikivuja, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa bado ikipata upepo.

Nilikuwa nimelala chali chini ya shehena nzima ya simiti, na kitu pekee kilichoizuia isinipande ni springi moja na mawe niliyookota mimi mwenyewe. Nakumbuka nilisoma maandishi kwenye ukuta wa tairi, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikajiburuta kwa viwiko.

"Tatu zimekufa," nilimwambia ndugu yangu.

Aliangalia pembeni. "Najua."

"Nani aliua?"

"Nilikuta mbili. Moja niliua mimi. Tajiri aliniambia niue, tutatengeneza."

"Lini?"

"Siz, kila mtu anaendesha hivyo."

Simu yake ililia. Tajiri. Ndugu yangu alieleza, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata. "Anasema uue hiyo ya nne, niende. Akirudi kutoka Nairobi ataleta boosta zote mpya."

"Ukikanyaga sana kwenye zile kona upepo ukaisha, mguu hauna kitu. Na springi hakuna. Utashikwa na nini?"

"Na Mungu," alisema Mzee kutoka kwenye kiti chake, lakini safari hii hakucheka. "Mama, kijana akitumia gia, ashuke polepole, atafika. Tumewaulia wengi, wamefika."

"Unasikia?" ndugu yangu akasema. "Nipe spana. Nitaiua mimi, wewe usijichafue."

"Huendi."

"Nikikosa kwenda, kazi imeisha. Unataka nikae nyumbani nikuangalie ukipika?"

"Kaa."

"Wewe si mama."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayekukumbusha bei ya kitu. Na hapo nikasema neno nililokuwa nimeapa, tangu wiki ya mazishi ya mama, kwamba halitatoka kinywani mwangu. Mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa ameitwa sekondari, mimi nilikuwa tayari kidato cha pili, na haikuwezekana tusome wawili. Nilikuwa nimemwambia siku zote kwamba niliacha kwa sababu hesabu zilinishinda.

"Hesabu hazikunishinda," nilimwambia. "Niliacha ili uende wewe. Sikuacha ili uende kufia kwenye kona za Tambach."

Akapanda kwenye kebini na nikadhani nimemkosa. Alikuwa anachukua koti lake. Aliacha funguo juu ya kiti cha Mzee, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, bila kugeuka.

Tajiri alituma dereva mwingine mchana huohuo, mtu mzima, mwenye mvi kidevuni. Mzee ndiye aliyeingia chini na kuiua boosta ya nne. Sikumlaumu. Lori ni la mwenyewe, na Mzee alikuwa na garaji ya kuendesha. Lakini sikuweza kukaa kimya. Nilimfuata yule dereva mpaka mlangoni mwa lori.

"Baba, zote nne zimekufa. Hakuna inayoshika."

"Najua, mama," alisema, akarekebisha kioo chake. "Asante kwa kuniambia."

Nikaondoa mawe mimi mwenyewe. Lori likatoka langoni taratibu, bila kelele yoyote ya upepo, likaenda zake upande wa Iten.

Jioni ile nyumbani kwetu, mtaa wa West Indies, ndugu yangu alikula bila kunitazama. Redio ilikuwa imewashwa kwa taarifa ya habari, na wote wawili tulikuwa tunasikiliza bila kuambizana tunasikiliza nini. Hakuna lililosemwa kuhusu bondeni.

Kesho yake, kabla ya saa sita, alikuja garajini kunisaidia kubeba tangi la upepo. Tulikuwa tumelishika, yeye huku mimi kule, lori lile likapita barabarani, tupu, turubai ikipigapiga. Yule dereva wa mvi alitupigia honi.

"Limerudi," ndugu yangu akasema.

"Limerudi."

"Kumbe na mimi ningerudi."

Tuliliweka tangi chini. Alingoja nimjibu. Nilijaribu kutafuta neno la kumwonyesha kwamba nilikuwa sahihi, na sikulipata, kwa sababu lori lilikuwa limepita pale mbele ya macho yetu, zima.

"Labda," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akashika upande wake wa tangi, akangoja nishike wangu.