Alinileta Mpanda Kama Mke wa Mwalimu wa Kiingereza

Admin, nifichie jina. Watu wa Mpanda wakisoma wanaweza kunitambua, lakini nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne. Nilizaliwa Zambia, upande wa Mbala, na nimeishi Mpanda tangu miaka ya tisini. Nilikuja nikiwa binti wa miaka ishirini na nne, nimeolewa na Mzungu aliyekuwa anafundisha Kiingereza kwetu. Nimwite Pita. Mkataba wake ulipoisha akapata kazi kwenye sekondari moja hapa Mpanda, akaniambia, "Tunaenda wote, wewe ni mke wangu." Nilijiona nimebahatika. Tulifika juu ya lori la mahindi kutoka Sumbawanga, wanafunzi wakatupokea mizigo hadi nyumba ya mwalimu.

Wanafunzi walimpenda sana. Darasani hakuwahi kushika fimbo, ndiyo maana kila mtu alimwita mpole. Fimbo alikuwa anaiinulia nyumbani.

Ilianza na Kiswahili. Mimi nilikishika haraka, maana Kimambwe chetu kina maneno mengi yanayofanana nacho, na jirani yangu alinifundisha. Huyo ni Mama Shija, Msukuma, ukoo wao ulihamia huku na ng'ombe. Alikuwa analeta maziwa kila siku, tunapiga soga mlangoni. Pita Kiswahili kilimshinda. Akitukuta tunacheka alijua tunamsema yeye. Siku moja akaniuliza, "Mlikuwa mnasema nini?" Nikamwambia tulikuwa tunaongelea mahindi. Akanipiga kofi la sikio, na sikio hilo la kushoto halisikii mpaka leo. Akasema, "Nyumba hii ni ya Kiingereza."

Baada ya hapo alinipiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa kiti. Akanibania vidole mlangoni vikavunjika viwili. Pasipoti yangu aliifungia kwenye kabati. "Mimi ndiye niliyekuleta," alikuwa anasema. "Bila mimi wewe huna nchi." Nilikwenda kwa mkuu wa shule na mkono umevimba. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, mwalimu wa Kiingereza tumemtafuta sana, na watoto wana mtihani. Vumilia kidogo." Nikarudi nikavumilia. Mimba ikaingia, nikamzaa binti, nimwite Neema.

Neema alikuwa na miezi saba. Jumamosi mchana nilikuwa napiga pasi mashati ya Pita, mtoto mgongoni. Mama Shija akaleta maziwa, tukasalimiana. Pita akatoka chumbani, akaipiga teke ndoo ya maziwa, akavua mkanda. Nikageuka nimkinge mtoto, nikakosea upande. Chuma cha mkanda kikampata Neema kichwani. Nilisikia kilio chake, halafu nikasikia damu ya moto shingoni mwangu.

Sikufikiri. Ile pasi ya mkaa ilikuwa mkononi. Nikampiga nayo usoni, ikafunguka, makaa yakamwagika kifuani pake. Akaanguka anapiga kelele. Ningeishia hapo ningesema nilijitetea. Lakini alipokuwa chini nilimpiga tena, na tena, na nawaambia ukweli, nilitaka afe. Mama Shija ndiye aliyenishika mikono. "Inatosha, Mama Neema. Ukimuua utafungwa, huyu mtoto atanyonya kwa nani?"

Mtoto akashonwa nyuzi tano. Mama Shija akanipeleka kijijini Kasansa kwa wazazi wake. Wiki ya pili Pita akatufuata na gari la shule, uso umefungwa bandeji. Hakunisalimia. Akamshika Neema mkono, mimi nimemshika mwingine, akavuta mpaka mtoto akakauka sauti. Baba yake Mama Shija akatoka zizini na wanawe watatu. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia mpaka akalala kwenye samadi, na mimi nilisimama naangalia. Mzee akawazuia, akamwambia, "Mwalimu, nenda. Ukirudi sitawazuia." Dereva akampakia. Mwezi haukuisha akaondoka nchini, sikumsikia tena. Vibali vyangu nilihangaika mwenyewe, nikashona nguo, nikajenga Nsemulwa, hapahapa Mpanda.

Sasa kosa langu ni hili. Neema alipoanza kuuliza, sikutaka akue akijua ana damu ya mtu wa namna ile. Nikamwambia baba yake alikuwa mwalimu mzuri, mkataba uliisha, barua zikapotea njiani. Kovu la kichwani nikamwambia alianguka. Mama Shija alinionya, akafariki bado nasema uongo uleule.

Mwaka jana Neema alimtafuta Facebook akampata. Wanaongea kila Jumapili, baba analia, mtoto analia. Neema anaolewa baada ya mavuno, na amemwalika aje amkabidhi kwa mumewe kanisani. Baba ameshakata tiketi. Neema anataka afikie kwangu. "Mama, alale hotelini wakati nyumbani kuna vyumba?"

Juzi akanipigia, sauti imebadilika. Akasema baba amemwambia mambo ya zamani, ila hakutaka kuyaeleza yote. Amemwambia nilimuunguza uso nikaitisha watu wampige, kisha nikamnyima mtoto wake. Akamalizia, "Lakini baba anasema amekusamehe. Mama, kwa nini ulimfanyia vile?"

Nikakata simu. Tangu juzi anapiga sipokei.

Nikimwambia ukweli, kwa nini aniamini leo, wakati mimi mwenyewe nimemsifia huyo baba maisha yake yote? Shahidi wangu wa siku ile ya pasi alikuwa Mama Shija, naye ameshakufa. Nikinyamaza, huyo mtu atakuja kula kwenye meza yangu akiwa msamehevu, na mimi ndiye mkosaji. Nyie mliolea watoto, nyie mliopitia haya, niambieni nianzie wapi. Simu inaita tena, ni Neema. Nifanye nini?