Dishi la Ng'ambo

Mke wangu alipofariki, watu walijaa kwangu. Mikeka ilitandikwa mpaka barabarani, bamama wakapika bugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, katika masufuria ya kuazima, watu wa msikiti na watu wa kanisa wakakaa pamoja kwa sababu ukoo wetu umechanganyika. Halafu matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwa shughuli zake. Siwalaumu, hapa mjini Baraka, upande huu wa Kongo, watu wanatafuta maisha. Ila nyumba ilianza kunikera. Nikikohoa, hakuna wa kuniuliza nina nini. Nikiweka kikombe mezani, nasikia mlio wake utafikiri nimebomoa kitu. Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, na mtu wa namna hiyo akikosa wa kugombana naye, anakwisha.

Mtoto tuliyebaki naye ni mmoja, binti, na yuko ng'ambo. Sisi tukisema ng'ambo tunasema Tanzania. Wakati wa vita tulivuka, tukaishi kambini miaka mingi, na huko huko akaolewa na kijana wa Kigoma. Amani ilipoonekana kidogo, sisi wazee tukarudi kulima mihogo yetu, yeye akabaki na mume wake. Ukisimama ufukweni kwetu, mbele yako unaona rasi ya Ubwari. Nyuma ya Ubwari ndiyo ziwa lenyewe, na nyuma ya ziwa ndiyo yeye. Nimesimama pale mara nyingi, kama mjinga, nikiangalia Ubwari.

Utaniuliza, kwa nini usipige simu? Kwetu baba hapigi simu ovyo kwa binti aliyeolewa. Umekula mali ya watu, umetoa mtoto, basi kaa kwako na heshima yako. Mkwe akiona jina lako kwenye simu ya mke wake bila msiba wala ugonjwa, atajiuliza: huyu mzee anataka nini tena, amekumbuka ile mbuzi ya mahari iliyobaki? Mama yeye anaruhusiwa. Mke wangu alikuwa anampigia hata kumuuliza kama sombe, yale majani ya mihogo, imeiva. Mimi nilikuwa najiweka kando yake, najifanya nachonga mpini wa jembe, kumbe masikio yote yako kwenye simu. Mara moja moja alikuwa anasema, "Baba yako yuko hapa, anakusalimia." Mimi nagutuka, "Eee, msalimie." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mwanangu, na yalinitosha. Mke wangu alipokwenda, alikwenda na sauti ya binti yangu pia.

Siku binti aliporudi kwake baada ya matanga, alisimama na mizigo yake karibu na boti, akanishika mkono. "Baba, nunua televisheni. Angalau upate sauti za watu ndani." Nikamjibu kwamba sina akili ya kuangalia watu wanaocheza cheza. Boti ilipoondoka nikaanza kufikiri.

Kulikuwa na fundi mwenye kibanda karibu na soko, mtu mzima mwenye watoto wake, na ulimi hauna breki. Nikamwendea, nikamwambia nataka tele, anieleze vizuri, asinidanganye kwa sababu ya mvi.

"Papa, keti," akaniambia. "Tele yenyewe haina shida. Shida iko kwa dekoda. Kuna dekoda ya antena, na kuna dekoda ya dishi. Ya antena inaomba munara wake ukuwe karibu, na huku munara haiko. Mutu akikuuzia ile, amekula pesa yako. We chukua ya dishi, ile inapokeaka toka juu kabisa."

"Haya, ya dishi."

"Sasa ya dishi nayo iko mbili. Kuna ya huku kwetu, ya Kifaransa. Mupira iko mingi, na abonema, ile malipo ya kila mwezi, unanilipia mimi hapa hapa, mara moja picha inarudia. Na kuna ya ng'ambo, ya Kiswahili. Ile mi siwezi kukulipia. Inalipiwaka na simu ya Tanzania tu, kila mwezi, na ukichelewa inakata. Uko na mutu kule?"

Moyo wangu uliruka. Nasema kweli, uliruka kama wa kijana. Nikamuuliza arudie.

"Nasema uko na mutu kule, wa kukulipia kila mwezi?"

"Niko naye," nikasema. "Nipe ya ng'ambo."

"Papa, utajitesa bure! Kila mwezi utakuwa unasumbua mutu ng'ambo ya ziwa? Chukua ya huku, utanishukuru."

"Nani anaangalia, wewe au mimi?"

Akacheka, akainua mikono. Hakujua, na mimi sikumwambia. Kila mwezi! Sababu ya kupiga simu, safi kabisa, na hakuna mkwe duniani anayeweza kuninunia kwayo. Nilitoka pale kibandani natembea haraka kama mtu aliyeitwa.

Dekoda na dishi lake vililetwa na mama mmoja anayefanya biashara ya ndakala na Kigoma. Fundi akaja kufunga. Alinifurahisha kwa jambo moja, aliangalia nyuma ya dekoda kabla ya yote, akaniambia hii inakula volti kumi na mbili, kwa hiyo inaingia moja kwa moja kwa batri yangu ya sola, hakuna haja ya kununua mashine ya kubadili umeme. Lakini tulipofika kwenye dishi tuligombana. Mimi nilikuwa nimeshachimba shimo la mlingoti upande wa ziwa. Yeye akalichukua dishi, akalizungusha, akaliinua likaangalia juu upande wa milima.

"We, unafanya nini?" nikamuuliza. "Tanzania iko huku!"

"Papa, haiangaliaka Tanzania. Inaangaliaka satelaiti, na ile satelaiti iko kule juu, upande wa milima."

"Usinichezee. Nimeishi Tanzania miaka mingi, leo unionyeshe iko wapi? Nyuma ya milima ni Lulimba, ni machimbo ya dhahabu. Huko Lulimba nani atanisemesha?"

Jirani yangu, mama mjane aliyekuwa anaanika mihogo, aliacha kazi akaja kucheka vizuri. Fundi kwa hasira akaligeuza dishi nilivyotaka, akaniita ndani, akanionyesha kwenye kioo cha tele mistari miwili. Mmoja ni nguvu, mmoja ni ubora. Wa nguvu ulikuwa na kitu kidogo, wa ubora ulikuwa mtupu. Akaniambia nguvu ni dalili kwamba waya na kile kichwa kidogo mbele ya dishi vinafanya kazi, lakini ubora ndio unaosema kama umeipata satelaiti yenyewe. Akatoka, akalirudisha dishi kwenye milima, akasogeza kidogo kidogo kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Mimi ndani nikapiga kelele, "Imejaa! Imejaa!" Na picha ikatoka, mwanamke anasoma habari kwa Kiswahili kile tulichokuwa tunakisikia kambini. Nililia kidogo. Fundi akajifanya anakunja waya.

Basi dishi likabaki limelipa ziwa mgongo. Kila nikitoka uani linanisumbua macho, lakini nikaliacha.

Raha yangu haikuwa tele. Raha yangu ilikuwa siku inapokata. Kioo kinaandika kwamba malipo yamekwisha, mimi navaa shati safi. Ndiyo, shati safi, kwa simu. Nampigia.

"Shikamoo baba. Imekata?"

"Marahaba. Imekata, mama."

"Haya, soma namba."

Namba ya dekoda imeandikwa kwa herufi za mchwa chini ya tumbo lake. Naigeuza, natafuta miwani. Ngoja, miwani hii siyo. Naanza kusoma, tarakimu moja, nanyamaza, namuuliza watoto wamekula nini. Ananiambia. Tarakimu nyingine, namuuliza kama lile jino bado linamsumbua. "Baba, hiyo ni sita au nane?" "Ngoja niangalie vizuri, macho yangu haya." Yeye anacheka, "Mwezi uliopita ilikuwa nane." Anaandika kwenye chochote alicho nacho, mkononi, kwenye gazeti la kufungia maandazi, na mwezi ujao karatasi imepotea, tunaanza upya. Ili mkwe asinione ombaomba, nilikuwa natuma mfuko wa ndakala kwa mkono wa yule mama wa biashara, wale wakavu wazuri wa kutoka Swima. Kwa hiyo hesabu ilikuwa sawa, na heshima yangu ilikuwa sawa. Zile namba nilizijua kwa moyo tangu mwezi wa pili. Sikumwambia.

Majirani hawakudumu kwangu. Watoto walikuja mwanzoni, halafu wakagundua kwamba nyumba ya tatu kuna dekoda ya Kifaransa yenye mpira, wakahamia kule. Mimi nilibaki na michezo ya kuigiza ya wakwe wanaogombana, na taarifa ya hali ya hewa. Hiyo ndiyo sikuikosa. Wanasema Kigoma kutakuwa na mvua, nami nasema peke yangu, haya, atoe nguo kambani.

Halafu siku moja simu ikaita yenyewe, jina lake. Niliogopa, nikajua kuna msiba.

"Baba, habari njema! Mwenzangu amepata kazi bandarini. Amesema mzee amesumbuka vya kutosha na mambo ya kusoma namba na kutuma samaki. Amekulipia mwaka mzima!"

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, baba! Haikati tena. Na ndakala usitume, kula mwenyewe. Umefurahi?"

"Nimefurahi. Msalimie. Mwambie Mungu amzidishie."

Ningesema nini? Mtu amekufanyia wema, utamwambia akurudishie usumbufu wako? Jirani yangu aliposikia akapiga vigelegele, akasema nina bahati ya mukwe. Hata fundi alinipa mkono, akasema sasa nimeona faida ya dekoda ya ng'ambo. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na mtu. Niliingia ndani, mwanamke yule wa habari anasoma, picha safi. Nikamwambia, "Nyamaza." Hakunyamaza.

Mwezi ukapita, haikukata. Mwingine ukapita. Nilikuwa naamka naangalia kioo kama mtu anayemsubiri mgeni, picha iko. Nilitamani mvua kubwa, na mvua ikija inakata kidogo kweli, halafu inarudi yenyewe. Nilimaliza siku nzima bila kusema neno moja kwa mdomo, isipokuwa kwa kuku. Nilianza kusahau jinsi anavyocheka. Nilikuwa nakaa pale nalazimisha kicheko chake kichwani, kinakuja cha mama yake.

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilichukua spana ya baiskeli, nikapanda kwenye kiti, nikalegeza nati za dishi. Jirani akaniona juu ya ukuta wa matete. "Papa, unatengeneza nini?" Nikamwambia aangalie mihogo yake. Nikalizungusha dishi lote, likaacha milima, likaangalia ziwa. Nikakaza nati. Nikaingia ndani, kioo kimeandika hakuna mawimbi. Mstari wa ubora, mtupu. Nikavaa shati safi.

"Shikamoo baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Tele imekata."

"Haiwezi kukata, baba, imelipiwa mwaka. Imeandika nini?"

"Imeandika hakuna mawimbi."

"Ah, basi hiyo siyo malipo. Dishi limesogea tu. Mwite yule fundi wako, atalirekebisha mara moja. Mimi huku nitakusaidia nini, baba?"

Alisema kweli. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na sufuria inafunikwa, na nilijua anataka kukata simu kwa heshima.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Limesogezwa na upepo?"

"Hapana."

"Sasa nani amelisogeza?"

"Mimi."

"Wewe! Kwa nini? Umelielekeza wapi?"

Niliangalia mlangoni, dishi liko pale uani na uso wake kwenye maji, kama nilivyotaka tangu siku ya kwanza.

"Huko kwenu," nikasema.

Mtoto alikuwa bado analia, binti yangu akasikika anawaambia wa ndani, mchukueni mtoto, mpelekeni nje kidogo. Mlango ukafungwa. Nilisikia anavuta pumzi kwa pua, kama mama yake alivyokuwa anafanya akitaka kuzuia machozi.

"Haya baba," akasema. "Nimepata kalamu. Soma namba."

Nikaigeuza dekoda, nikatafuta miwani, nikaanza kusoma polepole.