Matofali ya Chumba cha Mama

Fanueli wa Vudee alibeba matofali ya kanisa tangu ujana wake, na mtu akibeba kitu muda mrefu hujiona anakijua. Ndiyo maana alipoamua kuwa wa kwanza katika ukoo wao kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, hakumwuliza fundi yeyote. Nyumba ingekuwa na vyumba vitatu: chake na mkewe Ruthi, sebule ya wageni, na chumba cha mama yake mzazi, Dorkasi, ambaye nyumba yake ya udongo ilikuwa imeanza kuinamia bondeni.

Hesabu aliifanya mwenyewe. Alichonga kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali, akakaza kamba kwenye vigingi kuonyesha kuta, kisha akaitembeza kalibu ile juu ya kamba, akiilaza na kuiinua, kila ilipolala akihesabu tofali moja. Alizunguka nyumba nzima pamoja na kuta za ndani, akazidisha kwa mistari ya kwenda juu, akapata matofali elfu sita kasoro kidogo. Majirani walistaajabu, naye hakuwakataza.

Maji ya kukandia udongo yalitoka kwenye ndiva, bwawa la ukoo linalofunguliwa kwa zamu ili watu wamwagilie mashamba. Fanueli aliimaliza zamu baada ya zamu kwenye udongo wake, maharage ya Ruthi yakanyauka. Hesabu ilipotimia alikwenda kwa wazee wa maji, akatangaza kwamba amemaliza, akairudisha zamu kwa mbwembwe. Wakampa mtu mwingine. Zamu ikisharudishwa, hupewi tena mpaka mwaka mwingine, na hilo alilijua vizuri.

Tanuru likawaka, likapoa. Matofali yalitoka mekundu, ya kupendeza macho. Akaanza kuyapanga juu ya kamba, mstari wa kwanza mkavu bila udongo wa kushikisha, kwa kujifurahisha tu. Yale aliyoutengea mstari ule yaliisha kabla kamba haijaisha. Akarudia kuhesabu. Mwishowe alichukua tofali moja akalitia ndani ya kalibu, nalo likacheza mle kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake.

Ndipo akaelewa. Udongo ulikuwa umenywea kwa kukauka na kuungua. Zaidi ya hayo, siku ile ya kupima aliipima kalibu kwa nje, unene wa mbao huku na huku, mbao zote akazihesabu kuwa tofali.

“Baba Anaeli, yamepungua kiasi gani?” Ruthi aliuliza.

“Chumba kizima.”

“Basi tuache sebule. Chetu na cha mama vinatutosha.”

“Nyumba ya matofali isiyo na sebule? Mwinjilisti akija nimkalishe kitandani? Mama tutamwongezea mwakani.”

“Mama hana miaka mingi ya kungoja.”

Alijua mkewe anasema kweli, na aibu ikamfanya mkali. Alimwambia anyamaze, akang'oa vigingi vya upande wa mama, akavisogeza ndani na kukaza kamba upya.

Bado alikuwa ameinama kwenye kigingi cha mwisho Dorkasi alipofika akipapasa njia kwa fimbo, maana macho yalikuwa yamemwacha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia tanuru limepoa. Nionyeshe changu.”

Hapo angeweza kusema. Ruthi alisimama akimngojea aseme. Fanueli alimshika mama yake mkono, akamwongoza polepole, akamsimamisha kwenye majani, nje ya kamba, mahali chumba kilipokuwa asubuhi.

“Dirisha litakuwa wapi?”

“Huko huko ulikoelekea, mama.”

Bibi akaligeuzia jua uso wake, akatabasamu. Kwa fimbo akapima kitanda, kichwa huku, miguu kule, na chini akaacha nafasi ya mkeka wa wajukuu. Kisha akainamisha kichwa kuomba.

“Ee Bwana, mwanangu huyu hakunisahau. Umzidishie nyumba yake.”

“Amina,” Fanueli aliitika.

Ruthi hakuitika.