Barua Iliyopita kwa Mkuu

Ofisini walimwita Bi Masjala, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitunza chumba cha majalada. Aliyetaka kumwandikia mkurugenzi alianzia kwake: likizo, uhamisho, hata kuomba radhi. Alijua wapi pa kuinamisha kichwa na wapi pa kukinyanyua. Leo barua ilikuwa yake mwenyewe.

"YAH: KUPOTEA KWA JALADA," aliandika. Mkurugenzi alimpa hadi saa sita mchana ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Jalada lenyewe halikupotea. Mkuu wa idara yake alikuja kulichukua kwa mkono wake, wiki tatu nyuma, na aliposogezewa daftari atie saini akacheka. "Mimi na wewe ni watu wa kuandikishana kweli?" Bi Masjala akaona haya, akalifunga daftari. Heshima jamani, imewaponza wengi.

Kibaya zaidi, barua ya kwenda juu hairuki ngazi. Ni lazima ipite kwa mkuu huyohuyo, aisome na kuipitisha. Aliandika "huenda", akaifuta. Aliandika "kwa bahati mbaya", akaifuta nayo. Mwishowe akaweka tarehe, saa, na nani aliondoka na jalada kwapani. Aliogopa, tena sana; nyumbani hakukuwa na mwingine mwenye kazi.

Saa tano na nusu alipiga hodi. Mkuu aliisoma barua taratibu, akavua miwani.

"Dada yangu, hii ukiipeleka hivi tutaharibiana. Sema tu lilipotea siku ile ya kuhamisha makabati. Mimi nitakutetea."

"Nimeandika kilichotokea, mkuu."

"Haya, iache hapa," alisema, akivuta droo ya meza yake. "Nikipata nafasi nitaiangalia."

Droo ile aliijua. Barua ngapi za watu alizoziandika ziliingia humo na hazikutoka tena. Hakuondoka. Alifungua daftari alilokuwa amelikumbatia, akamwonyesha mstari: namba ya barua, tarehe, saa, na nafasi tupu.

"Naomba saini yako, kwamba umeipokea."

Mkuu alimkazia macho. "Kumbe siku hizi tunaandikishana?"

"Tunaandikishana, mkuu," alisema, na kalamu akaishika palepale mbele yake mpaka mkuu alipoipokea.