Nota Aliyoivuta Mama

Pamba iliyovunwa karibuni ina harufu kavu, ya vumbi na majani, na kila nikiisikia hukumbuka ukumbi wa parokia yetu pale Bariadi. Msimu ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Wanakwaya walikuja moja kwa moja kutoka shambani, vidole vimechanwachanwa, wakasimama kwenye joto kujifunza misa ya Kilatini iliyotungwa Ulaya zamani sana. Mwalimu wetu, Deogratias, alikuwa bwana misitu aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli yeye ndiye aliyetufundisha kusoma nota, sisi tuliozoea kuimba kwa kukariri.

Mama alipewa solo ya Mwanakondoo wa Mungu. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye kukwaruza kidogo. Kila alipofika kwenye neno la kuomba huruma aliivuta nota, kisha akaishusha polepole, kama wanawake wa kwetu wanavyoshusha sauti msibani. Mwaka ule tulikuwa tumemzika mdogo wangu, Masanja.

“Mama Kabula, hapo pana mapigo mawili tu,” mwalimu alisema, akigonga meza kwa penseli. “Wewe unaimba matano.”

“Naona mawili hayatoshi, mwalimu.”

“Aliyetunga aliona yanatosha.”

Walivutana hivyo wiki tatu, kwa heshima, wote wawili wamechoka. Mashindano ya kwaya ya jimbo yalipokaribia, mwalimu akaniita mbele. “Kabula, hebu jaribu wewe.” Nilijua mama ananitazama. Ningeweza kujifanya sijui. Lakini nilikuwa mtoto niliyependa kusifiwa, nikaimba, mapigo mawili kamili. Solo ikawa yangu, na mama akarudishwa sauti ya pili.

Tulishinda. Jaji alisema hakusikia kosa hata moja. Wakati wa kurudi, nyuma ya lori, mama alinifunika kanga nisipate vumbi, akasema, “Umeimba kama ilivyoandikwa.” Sikujua kama ananisifu, na sikuthubutu kumuuliza. Wiki iliyofuata hakwenda mazoezini. Alisema shamba limemchosha, na hakurudi tena kwenye kwaya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo sikumweleza mtu yeyote jinsi ulivyonichoma.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa kwaya, huku Ngulyati. Tuna kinanda, nota zinaingia kwa simu, na waimbaji wangu wanasoma vizuri kuliko tulivyosoma sisi. Simlaumu Mwalimu Deogratias. Bila yeye nisingeijua kazi hii. Lakini jioni baada ya jioni nawasahihisha wanaovuta nota, nao wananitii, na narudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba mzigo usio wangu.

Pasaka iliyopita nilikwenda kumsalimia mama. Nilimkuta akichambua mchele kwenye ungo. Nikamwomba aniimbie kile kipande, kwa namna yake, walau mara moja.

“Imba wewe, mwanangu,” alisema. “Wewe ndiye unayekijua.”

Nikaimba, bila kosa. Akanishukuru, akaendelea kuchambua mchele.