Viungo Vimezidi

Juzi nikisubiri pilau kwenye mgahawa mmoja wa Nachingwea, aliingia mkaguzi wa umeme, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali. Akafungua boksi la swichi ukutani, akaguna.

"Mama, viungo vimezidi humu."

Mama mwenye mgahawa alikimbilia sufuria, akaonja. "Mbona nimetia binzari na mdalasini tu, mwanangu?"

"Viungo vya waya, mama! Kuunga waya ndani ya boksi si kosa, ila uunge kwa konekta na uache nafasi. Hizi zimefungwa nailoni, tena zimebanana. Zitaunguza nyumba."

Mama akachungulia, akashika kiuno. "Ahaa! Hayo ni mapishi ya shemeji yangu. Aje ayapakue mwenyewe!"

Umeme ukazimwa, pilau tukala. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye boksi langu. Na mimi nina shemeji.